Mtoto Asiyeandikwa Uskochi

Mamaangu alikuwa na jambo moja la kujivunia. Mama yake alizaliwa Unguja na baba Mskochi, fundi wa mashine za meli, na fundi huyo alitokana na dada wa mshairi mashuhuri kuliko wote wa Uskochi. Dada huyo aliolewa katika mji mdogo wa pwani, na jamaa zake wako huko mpaka leo. Wageni wakija nyumbani kwetu Hail, huku Uarabuni, kahawa haijamiminwa, mama ameshafika kwa mshairi.

Alipoanza kuumwa figo nikataka kumfurahisha. Nikautafuta mji ule kwenye mtandao, nikagundua kuna bibi mmoja wa ukoo huo anayetunza kitabu cha nasaba yao. Nikamwandikia kutoka ofisini kwangu, mtaa wa Qurum, nikampa jina la fundi, jina la meli, na picha ya bibi yangu akiwa mdogo, nywele zake nyekundu zimesukwa. Sikumficha mama. Kila nikirudi kutoka kazini huniuliza kama wamejibu.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache, na lilikuwa na adabu. Fundi huyo wanamjua, alisema yule bibi. Alirudi kwao akafa bila kuoa, na kitabuni imeandikwa kwamba hakuacha mtoto. Picha ni nzuri, lakini kitabu hakibadilishwi kwa picha. Akanitakia kila la kheri.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mama aliniona uso, akataka nimsomee, nikamfasiria neno kwa neno.

"Kwa hivyo mamaangu hakuzaliwa?"

Nikamwambia hawa hawatujui tu, nitaandika tena.

"Usiandike," akasema. "Miaka yote hii nnawasifu kwa watu."

Niliandika kwa siri, mara mbili. Hakuna aliyejibu.

Tangu siku ile mama hakumtaja tena mshairi. Jirani alipomuuliza, alisema zile zilikuwa porojo za wazee, na alisema kama mtu anayeomba radhi. Hilo liliniumiza kuliko barua yenyewe. Akaanza kukataa kwenda hospitali kusafishwa damu. Tukambembeleza, akaenda, akakataa tena. Alifariki siku chache kabla ya Ramadhani.

Dada yangu ananiambia ni figo zilizomuua, si barua. Najua. Lakini nilimkuta ana mama yake, nikamwacha hana.