Mtamba Niliyempeleka Peke Yangu

Andika kama ninavyosema, wala usilainishe neno.

Nilikuwa ninachambua maharage, hapa jikoni kwetu Rissne, kando ya Stockholm, mjukuu wangu aliponisomea habari za mfalme wa Uingereza wa kale. Shuleni walikuwa wamempa kazi ya kusimama mbele ya wenzake na kueleza jinsi mfalme huyo alivyowatawala na kuwatuza makabaila wake, yaani wale mabwana wakubwa walioishi kwenye ngome. Kitabu kilikuwa cha Kiswidi, naye alikuwa akinigeuzia sentensi moja moja kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Kabla hajafika ukurasa wa pili nilikuwa nimekwisha kukasirika.

"Koko," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Kongo, "mfalme huyu alikuwa mkarimu. Aliwapa watu wake mashamba, misitu, hata vijiji vizima."

"Aliwapa, au aliwakalisha?"

"Tofauti yake ni nini?"

"Tofauti yake ndiyo iliyonileta kwenye baridi hii. Endelea kusoma."

Akaendelea. Nchi yote, kitabu kilisema, ilikuwa ya mfalme. Bwana mkubwa alipiga magoti, akaweka viganja vyake kati ya viganja vya mfalme, akaapa kuwa mtu wake. Ndipo akakalishwa kwenye ardhi. Alipofariki, mwanawe hakuingia hivi hivi penye mali ya baba yake. Alimlipa mfalme kwanza. Ikiwa mwana ni mdogo, mfalme alimchukua yeye pamoja na shamba, akamkabidhi mtu aliyetaka kumfurahisha, naye mtu huyo akala mavuno mpaka mtoto alipokua. Na aliyemuudhi mfalme aliamka siku moja akakuta ngome yake ina mlinzi mwingine.

Mjukuu wangu alikuwa akisoma kwa mshangao, kama mtu anayesimuliwa habari za mwezini. Mimi sikushangaa hata kidogo. Sikuingia darasani hata siku moja maishani mwangu, lakini somo hilo ningeweza kulifundisha. Zawadi ya namna ile ni kamba ya mbuzi: maadamu majani yapo karibu, mbuzi hujiona huru.

Kwetu, milimani, ardhi ilikuwa ya mwami, mfalme wetu. Aliyetaka kulima alimpelekea ng'ombe, na ng'ombe huyo pamoja na agano lake tuliita kalinzi. Lakini ng'ombe peke yake hakutosha. Ilibidi wawepo mashahidi, watu wa ukoo na majirani, nao waketi mbele ya mwami na kunywa kasikisi, pombe yetu ya ndizi, kutoka chungu kimoja. Hatukuwa na karatasi. Shamba likigombaniwa, wazee hawakuuliza, "Nani aliandika?" Waliuliza, "Nani alikunywa?"

Baba mkwe wangu alitoa kalinzi, watu wakanywa. Mume wangu alirithi migomba ile, akapeleka beberu kwa mwami kukumbusha agano, watu wakanywa tena. Kisha mume wangu akafa kwa homa, mwanetu akiwa bado hajang'oka jino la kwanza.

Matanga hayajaisha, akaja mtu wa mwami, mmoja wa wale waliomchekesha barazani. Akasema mwami amemtuma alilee shamba mpaka mtoto akue. Akasema tena kwamba ameruhusiwa kumlea na mama wa mtoto. Aliyasema hayo akiwa amekwisha kukalia kigoda cha mume wangu.

Nilikuwa na mtamba mmoja, mweupe usoni, aliyekuwa karibu kupandwa. Nikamfunga kamba, nikampeleka kwa mwami, asubuhi peupe, ili niachwe bila mume na shamba lingojee mwanangu. Nilikwenda peke yangu. Mashahidi wangu kwa desturi walikuwa mashemeji, na mashemeji walikuwa wamekwisha kuahidiwa kipande cha migomba ile. Sasa ningemwita nani? Nilidhani mwami akimwona ng'ombe kwa macho yake, macho yake yatatosha.

Mwami alimzunguka mtamba, akamshika nundu, akasema, "Mama, umefanya vema." Nikarudi nyumbani ninaimba. Upumbavu wangu wote umo katika wimbo ule.

Baada ya mavuno mawili yule mtu alirudi na jembe begani. Nilipomtaja mtamba, mashemeji walitazamana wakacheka.

"Mtamba gani, shemeji?"

"Niliyempelekea mwami. Yumo zizini mwake hata sasa."

"Yumo, tumemwona, mzuri kabisa. Nani alikunywa?"

Hakuna aliyekunywa. Kwa desturi yetu, basi, sikuwa nimefunga agano. Nilikuwa nimetoa zawadi, na mwenye zawadi hadai. Nikatoka pale na mtoto mgongoni na sufuria mbili, nikaenda kwa kaka yangu, ambako mwanangu alikua akichunga ng'ombe za watu.

Mwanangu huyo sasa ana mvi. Anahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Vällingby, na huja kwangu kila Jumapili baada ya ibada. Ni mtoto mwema. Lakini kila yanapozuka mazungumzo ya kwetu, husema neno lile lile mbele ya wageni na mbele ya binti yake: "Ng'ombe wa baba, Mama alimtoa bure." Nimelisikia kwenye kambi ya wakimbizi. Nimelisikia Norsborg kwenye arusi, kipaza sauti kikiwa wazi. Nami nilinyamaza, kwa sababu habari ya mtu kukalia kigoda cha mume wako si habari ya kumwambia mwana wa kiume.

Nikiwa katika mawazo hayo, mjukuu alifungua ukurasa wenye wajane. Mfalme wa Uingereza, kitabu kilisema, aliwaoza wajane wa mabwana wakubwa kwa watu aliotaka kuwatuza. Mjane asiyetaka kuolewa alimlipa mfalme ili aachwe na ardhi yake.

Niliweka ungo chini. "Hayo wameyajuaje? Mfalme huyo amekufa zamani."

"Yaliandikwa, Koko. Makarani wa mfalme waliandika jina la mjane na alichotoa."

Sijui nieleze vipi jinsi nilivyoumia. Mfalme wao alimkamua mwanamke kama wangu alivyonikamua, lakini aliweka karani pembeni. Kwa hiyo watoto wa Stockholm wanamjua mjane yule, na mwanangu wa kumzaa hanijui mimi.

Nikamsimulia mjukuu habari zangu, naye akataka kunitia katika maelezo yake. Akamuuliza mwalimu. Mwalimu alijibu kwa upole kwamba habari za Koko ni nzuri sana, ila si za Uingereza, na dakika ni kumi tu. Simlaumu. Hata huko, nilikuwa nimekwenda bila shahidi.

Jumapili nilimwamuru msichana afanye mazoezi mbele ya baba yake, kwa Kiswahili. Alisimama karibu na jokofu, akasema yote: magoti, viganja, ngome, watoto waliochukuliwa. Mwanangu alikuwa akila na kucheka. "Mfalme huyu na mwami wetu, baba yao mmoja!" Kisha msichana akafika kwa wajane, akasema bila kuagizwa na mtu, "Koko naye alimtoa mtamba ili asiolewe kwa nguvu, na ili Baba asinyang'anywe shamba."

Mwanangu aliweka kijiko chini.

"Mama, yule mtu alitaka kukuoa?"

"Alikuwa amekwisha kukalia kigoda cha baba yako."

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Uliniuliza habari za ng'ombe. Habari zangu hukuniuliza."

Alifuta mdomo, akasukuma sahani kando. Halafu, kwa sauti ya chini, akasema, "Lakini ungechukua hata shahidi mmoja, Mama. Mmoja tu."

Nilitamani kumpiga kwa mwiko, pamoja na mvi zake. Badala yake nilimwambia msichana, yaani wewe unayeandika sasa, alete daftari, aandike haya yote, tangu mtamba hadi kijiko. Nikamimina chai katika vikombe vitatu, kutoka birika moja, nikamsogezea mwanangu chake.

Alikitazama. Amelelewa na watu wa kwetu. Alijua vizuri ninachomwomba. Binti yake alikunywa kwanza, akaungua ulimi, akalalamika kwa Kiswidi. Mimi nikanywa. Yeye alikizungusha kikombe juu ya meza, muda mrefu, chai ikapoa. Mwishoni akakiinua, akanywa, akakirudisha na kuvaa koti lake kuwahi treni.

Nilichungulia ndani ya kikombe. Amebakiza nusu.

Andika nusu.