Tawi la Hibiskasi Nyeupe

Wivu wangu wote ulikuwa wa kichaka kimoja. Sasa nacheka, lakini siku zile sikucheka hata kidogo.

Mimi huuza miche kando ya barabara pale Ayany. Rafiki yangu, aliyenifundisha kazi hii nilipomaliza darasa la nane, huuza yake Kawangware. Mwaka jana mama mmoja ambaye rafiki yangu alikuwa akimtunzia bustani alihama, akamwachia hibiskasi nyeupe ndani ya ndoo kuukuu. Si hizi nyekundu za kila ua wa nyumba. Hii kwao ni visiwa vichache tu vya Pasifiki, kwingine haioti porini. Halafu inanukia! Hibiskasi yenye harufu, umewahi kusikia?

Na mimi ndiye nina daftari zima la maua adimu niliyochora. Yeye roho yake iko kwa sukuma wiki. Mbona basi apewe yeye?

Siku moja nilimtembelea. Alipotoka kuteka maji, nilikata tawi moja lenye kitumba cha ua, nikalificha mkobani, nikaaga kabla chai haijachemka.

Nililipanda kwenye pakiti ya maziwa. Sheria naijua: tawi changa hutolewa kitumba ili nguvu iende kwa mizizi. Sikukitoa. Nilitaka ua lifunguke kwangu kwanza.

Siku ya nne akanitokea kwangu Ayany.

"Niaje, mwizi?"

"Mwizi gani?"

"Mkato kwenye hibiskasi yangu umelalia kushoto. Mashoto anayeingia kwangu ni nani mwingine? Na si nilikufundisha mwenyewe kukata mshazari hivyo?" Akacheka. "Si ungeomba tu! Ningekupa hata mawili."

Hapo ndipo iliponiuma zaidi. Hata ule moyo wake mkubwa nikauonea wivu.

Kisha akaiona pakiti. Majani yalikuwa yameanza kulegea.

"Kitumba bado kinafanya nini hapa? Ua ama mizizi, dadangu. Chagua."

Ncha ilishaanza kuonyesha weupe. Pengine kesho yake lingefunguka. Nilimtazama nikitumaini atanihurumia. Wapi! Nikakibana kwa kucha, kikatoka.

"Sasa litaishi?"

"Labda. Lipe wiki chache." Akatoa simu. "Yangu ilifunguka leo asubuhi, nimepiga picha."

"Sitaki kuona."

Akairudisha simu mfukoni, polepole, akitabasamu.

"Haya, lete," nikasema.