Maneno ya Penseli Niliyomfutia Dada Yangu

Kisa hiki kimetumwa na bibi wa Mbeya. Jina tunalo, ametuomba tulifiche.

Marahaba wajukuu zangu, maana najua wengi humu mngeniamkia. Nina miaka themanini na nane, naishi Ilomba na dada yangu wa tisini na mbili. Yeye haoni tena, mimi ndiye macho yake. Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie. Na mkitaka kunitukana, nimeshajitukana vya kutosha.

Miaka ya hamsini nilikuwa mwandishi wa mabango. Enzi hizo tangazo la dansi, la mpira, la sinema iliyoletwa kwa gari, kila herufi iliandikwa kwa mkono. Tajiri wetu, mzee mmoja mwenye asili ya pwani, alikuwa na duka Mbeya na lingine Iringa. Huko Iringa alikuwepo kijana wa Kihehe, fundi wa kupanga herufi kwa penseli. Karatasi ngumu alizochora zilikuja Mbeya zimeviringishwa kwenye lori, mimi nazipitishia wino kwa kalamu ya nibu, nangoja zikauke, kisha nafuta penseli kwa raba. Jamani, nilikuwa na mkono! Hata baridi ya Juni haikunitetemesha. Nusu ya mabango yalibaki Mbeya, nusu yalirudi Iringa.

Lakini shule niliipata kwa jasho la dada. Mama alikuwa mgonjwa, baba akasema mmoja asome, mmoja abaki nyumbani. Dada akasema, "Mpeleke mdogo, mimi jembe nimeshalizoea." Alikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili tu. Hakujifunza hata herufi moja.

Yule kijana kabla hajahamishiwa Iringa walishapendana na dada. Barua haikuwezekana, baba alikuwa mzee wa kanisa na kila barua ilipita mikononi mwake. Basi kijana akawa anaandika kwa penseli chini kabisa ya bango, mahali wino haufiki: "Kamwene, msomee dada." Kamwene ndiyo salamu ya kwao. Namsomea, anacheka huku amejifunika kanga usoni, halafu nafuta. Jibu lake naliandika kwenye karatasi ya kufungia mabango yanayorudi.

Siku moja likaja bango la dansi. Chini ameandika kwa kukandamiza: "Mwambie nataka kuja na wazee wangu kuposa. Akikubali, niandikie. Nikiona kimya nitajua amekataa."

Nilisoma mara mbili. Dada akiolewa Iringa, nani abaki na mama? Si mimi? Kalamu naiweka chini, narudi shambani. Nilikuwa na miaka kumi na minane na niliipenda ile kalamu kuliko mtu yeyote. Nikachukua raba, nikafuta.

Dada akaingia dukani akitoka shambani, udongo mikononi. "Ameniambiaje?"

"Safari hii hajaandika kitu," nikamjibu.

Na safari zilizofuata hakuandika kweli. Mwaka uliofuata dereva wa lori akatuambia yule kijana ameoa kwao Kalenga. Dada alikuwa anapepeta ulezi. Hakulia. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki mtupu, kisha akasema, "Angalau angeniaga."

Wachumba wawili walikuja, akawakataa. Mama alifia mikononi mwake. Mimi niliolewa, nikazaa, na kalamu yenyewe niliiacha miaka mitatu tu baadaye, kwa sababu mume wangu hakutaka mke wa dukani. Miaka mitatu, wajukuu zangu! Nilipofiwa, dada ndiye aliyenipokea na wanangu.

Lile bango dada alilibandua ukutani baada ya dansi, akalitunza sandukuni. Herufi za mpenzi wake, wino wa mdogo wake. Juzi akaniomba alishike. Akapapasa taratibu mpaka chini, penye weupe, kidole kikasimama. Raba huondoa weusi wa penseli, lakini aliyekandamiza huacha alama, na vidole vya asiyeona havidanganyiki.

"Hapa pana maandishi," akasema. "Pale pale alipokuwa akiniandikia. Nisomee, mdogo wangu."

Nikamwambia sijui miwani nimeiweka wapi. Nilikuwa nimeivaa.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla hajagusa uji, ananiuliza kama miwani imepatikana. Nikisema kweli, atajua kuwa maisha yake yote amemlaumu mtu asiye na kosa, na mwenye kosa ndiye anayemkorogea uji. Nikinyamaza, atakufa akiamini hakutakiwa. Naogopa kumwua, na naogopa zaidi asije akanisamehe. Msamaha wake sitauweza.

Ananiita sasa hivi. Bango liko mapajani mwake, ameshaweka kidole mahali penyewe ili nisihangaike kutafuta. Nimsomee nini, jamani?