Sajini Yuko Jikoni

Magereza ya Tonga ni rahisi kuyaeleza, mpaka mtu afe. Mkuu yuko kisiwa kikubwa. Huku kwetu kisiwa kidogo tuko watatu tu: Sajini Penisimani, bosi wetu, mzee Uaisele wa lango, na mimi, Lolohea, ninayeangalia wafungwa wanawake. Mara nyingi mwanamke hayupo hata mmoja, nabaki kupalilia viazi vikuu pamoja na wanaume. Uzio wetu nguruwe wanaupita wakitaka. Kilicho hatari ni meli. Mfungwa akipanda meli, sajini amepoteza kazi na nyumba ya serikali, na hilo halina mjadala.

Penisimani hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mkali wa usafi, mwoga wa mkewe, na Jumapili aliwaletea wafungwa chakula kutoka kwake. Mmoja wao alikuwa Moala, aliyemvunja mtu taya kwenye kikao cha kunywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi. Moala alikuwa mtoto wa shangazi yake Penisimani, na kwetu mtoto wa shangazi ni mkubwa wako, upende usipende. Gerezani walilimaliza hilo kwa kutotazamana. Sajini aliuambia ukuta, "Mtu aamke akafagie," na Moala akaamka.

Kisha baba yake Penisimani akafariki.

Msibani kwetu mtoto wa dada wa marehemu ndiye fahu. Huketi upande wa kichwa cha maiti, mikeka yote ya rambirambi huletwa mbele yake, na bila yeye mambo hayaendi. Marehemu hakuwa na mpwa mwingine ila Moala. Watoto wa marehemu ndio wa chini kabisa siku hiyo: hujifunga mikeka iliyochakaa na kushinda jikoni nyuma ya nyumba.

"Mkuu ametoa ruhusa Moala aende," Penisimani akaniambia, macho mekundu. "Ila nimlinde mwenyewe, asitoke machoni pangu."

"Utamlindaje ukiwa jikoni?"

"Ndo nakuuliza wewe."

"Mi nitajuaje? Kanuni hainiruhusu kumsindikiza mwanamume. Na Uaisele anabaki na wengine."

"Lolohea, we si umesoma?"

"Nimesoma kupalilia, afande."

Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse sajini. Siku ya msiba alivaa sare, na juu ya sare akajifunga mkeka mchakavu uliomfika masikioni. Kila akigeuza nguruwe motoni alichungulia mlangoni, akaona mgongo wa Moala tu. Bandarini meli ilikuwa inapakia abiria. Mimi nilikwenda kama mwombolezaji, nikakaa mlangoni kati ya jiko na maiti, na sikujua nimwangalie maiti, mfungwa au bosi.

Simu ya Penisimani ikalia. Alikuwa mkuu.

"Uko na mfungwa?"

"Ndiyo, mkuu. Yuko mbele."

"Mbele ya nini?"

"Ya baba."

"Na wewe?"

"Jikoni."

"Penisimani, umelewa?"

"Sijalewa, mkuu. Hapa mimi ni mdogo wake."

Wanawake wa jikoni wakaangua kicheko, tena msibani. Nami nikacheka, kisha nikaona aibu, maana sauti ya mkuu ilisikika kwetu sote: amwendee mfungwa sasa hivi, la sivyo kazi hana. Penisimani akasimama kati ya jiko na mlango, mikono imejaa masizi. Akiingia, anamvunjia baba yake heshima mbele ya ukoo mzima. Akibaki, wanawe watalala wapi? Niliwachukia wote wawili, mkuu na mila, na sikujua nimlaumu nani kwanza.

Ndipo Moala, aliyeyasikia yote, akageuka.

"Nani kaniacha peke yangu?" akauliza kwa sauti ya fahu, ile isiyojibiwa. "Mimi ni mfungwa. Namtaka askari wangu. Aketi hapa."

Ndugu wa marehemu akang'aka. "Nani, yule? Na masizi yake? Huyo ni mtoto wa marehemu!"

"Mjomba, fahu hapa nani?"

Mzee akasogea, akaacha nafasi.

Penisimani akaingia ameinama, akaketi alipoonyeshwa, ubavuni pa baba yake, mahali ambapo mtoto hakai. Akamkodolea macho Moala, kama kanuni inavyotaka. Hakuthubutu kutazama pengine.

Moala akamwinamia. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Sitoroki, binamu. Mwangalie mzee wako."

Akamwangalia. Kisha akalia kwa sauti, sajini mzima, na sare yake.