Nilivyorudi Kutoka Bungoma Bila Kwenda

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka wajukuu wanatazamana. Ni siku niliyorudi Kibera na gunia la viazi vitamu begani, majirani wakanilaki kwa vigelegele kama mtu aliyetoka Bungoma, na Bungoma kwenyewe sikuwa nimefika. Kaa vizuri nikueleze, maana chini ya kicheko hiki kuna jambo nataka uondoke nalo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa seremala kijana, natengeneza vitanda karibu na Soko la Toi. Mimi na mke wangu Nekesa tulipanga chumba kimoja pale Makina, humo humo Kibera, katika ploti ya bibi mmoja Mnubi ambaye wapangaji wote tulimwita Habuba, yaani nyanya kwa lugha yao. Nekesa aliuza sukuma wiki mlangoni mwa ploti. Sauti yake ilikuwa kubwa na kicheko chake kikubwa zaidi. Hata ukiwa mbali ulijua kama biashara imekwenda vizuri.

Basi mwaka mmoja nikaugua. Sikufiwa, sikukosa kazi, sikugombana na mtu. Niliamka tu asubuhi moja nikashindwa kuona sababu ya kuvaa viatu. Randa ikanishinda uzito. Chakula hakikuwa na ladha, usingizi haukuwa na raha, na machozi yalinitoka hata nikisikia watoto wakicheza. Siku hizi madaktari wanaiita sonona, na redio inaitaja waziwazi. Zamani zile mwanamume akilala mchana bila homa, aliitwa mvivu au ilisemekana amerogwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hicho, pamoja na ufundi wangu wote wa vitanda, sikuwa nimewahi kukilalia.

Nekesa alinipenda, na mapenzi yakamfundisha uongo. Mama mmoja alipomuuliza bombani mbona sionekani, alijibu haraka, "Ameenda ushago, mamake hajisikii vizuri." Hakutaka nichekwe. Ushago, yaani nyumbani kwetu mashambani, ni Bungoma. Simu za mkononi hazikuwapo za kumuumbua mtu, kwa hiyo neno lile likashika. Tangu hapo nikawa mtu wa Bungoma niliyefungiwa Makina.

Cheka, mwanangu, nakuruhusu. Nilikuwa nikikohoa ndani ya mto. Nekesa alikuwa akinong'ona nyumbani mwake mwenyewe. Asubuhi moja niliamka nafuu kidogo, nikatamani jua, nikashika komeo. Nekesa akanirukia.

"Unaenda wapi?"

"Nje. Niote jua kidogo."

"Utatoka aje na wewe uko Bungoma?"

Tukatazamana. Alitaka kucheka, lakini akalia. Hapo ndipo nilipomwona mke wangu vizuri. Alikuwa amekonda. Hakuwa akienda tena kwenye chama chake cha kuchangishana, maana akina mama wangemsindikiza mpaka nyumbani wanikute. Kanisani alikuwa ameacha kwaya. Ukuta aliojenga kunificha mimi ulikuwa umemfungia na yeye, na kile kicheko kilichojulikana ploti nzima sikuwa nimekisikia tangu nilipougua. Hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Niliogopa kwamba siku nitakayopona nitamkuta yeye ndiye aliyelala.

Ijumaa moja Habuba akafukiza udi kama ilivyo desturi yake. Moshi ukapenya kwenye tundu la mabati ukaniingia puani. Nilijizuia, nikajizuia, mwisho nikapiga chafya iliyotikisa sufuria.

"Afya, mtu wa Bungoma!" sauti ikasema kutoka nje.

Habuba aliingia bila kungoja karibu, akakaa kwenye stuli, akanitazama. Nekesa aliacha sukuma zake akaja mbio, akaanza kueleza. Bibi yule hakupaza sauti.

"Binti yangu, mtu akivunjika mguu, ploti nzima inambeba. Huyu wako amevunjika ndani, na wewe unaambia watu hayuko. Sasa mimi nikimpikia uji, niupeleke stendi ya basi?"

"Watamcheka, Habuba."

"Wengine watacheka. Kwani kicheko kinaua? Mficha maradhi kifo humuumbua." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, usimwache mtoto wa watu abebe peke yake. Mdomo wako haujaugua."

Ushauri ule tuliukubali nusu. Nekesa alisema sawa, nitoke, lakini nitoke kwa heshima kama mtu aliyerudi safari. Na wewe unajua desturi yetu, mtu harudi kutoka ushago mikono mitupu, hata kama alikwenda kuzika. Majirani hutazama mkono kabla ya uso. Tungenunua Toi, tungeonekana. Basi alfajiri tukatoka kwa kunyata, tukaenda kwa miguu mpaka Kawangware, tukanunua viazi vitamu na mkungu wa ndizi kwa mama asiyetujua. Tulirudi jua limekwisha chomoza. Mwanangu, jua lile! Nilitembea polepole kuliko ninavyotembea leo na mkongojo, lakini nilitembea, na njia nzima Nekesa alinifundisha mvua ya Bungoma imekuwaje mwaka huo.

Tulipoingia, kelele zikaanza. Watoto walizivamia ndizi. Jirani yetu Owuor, muuza makaa, mtu mkubwa mwenye maneno mengi, akalitua debe lake.

"Omera! Umerudi! Lakini kwani Bungoma hakuna jua siku hizi? Umekuwa mweupe kama chapati haijachomwa. Mama anaendelea aje?"

Nikafungua mdomo niseme mama hajambo. Nikamwona Nekesa amekaza shingo, anangoja uongo mwingine aubebe. Habuba alikuwa amekaa kando akisuka kawa lake la rangi, hata hakuinua macho.

"Owuor," nikasema, "mimi sijaenda Bungoma. Nimekuwa hapa ndani wakati wote. Nilikuwa mgonjwa, lakini si malaria. Ni roho. Nilikuwa siwezi hata kuamka. Nekesa alikuwa ananificha ndio msinicheke. Hizi viazi ni za Kawangware."

Watoto wakaacha kutafuna. Owuor akajikuna kichwa, akatazama makaa yake, akatazama juu.

"Sasa kama leo ni siku ya ukweli," akasema, "mnakumbuka ile kazi nilienda Mombasa?"

"Ya bandarini," Nekesa akajibu.

"Sikuenda Mombasa. Nilikuwa hapa tu Riruta kwa ndugu yangu, nimelala naangalia ukuta. Zile nazi niliwaletea nilinunua Toi."

Mwanangu, Nekesa alicheka! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, akapiga mapaja, akacheka tena, na ploti nzima ikacheka naye. Habuba alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nikamwona mama mmoja akiingia kwake haraka kabla hajaulizwa habari za safari yake ya Kisumu. Mimi nilisimama na gunia langu nikimsikiliza mke wangu, na furaha niliyoipata pale sijaipata kwa kitu kingine.

Kesho yake uji ulikuja, na haukupanda basi. Owuor alinipeleka kliniki walikomsaidia yeye, nikapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye. Nekesa akarudi kwenye kwaya. Sitakudanganya kwamba ugonjwa ule uliniaga. Bado hunitembelea. Nikiuona unakuja, humwambia Nekesa mapema, "Mama, leo moyo ni mzito." Naye hanifichi wala hanisukumi. Hunitolea kiti nje, halafu huenda kwenye chama chake, na Owuor, ambaye sasa hana jino hata moja la mbele, huja tukakaa bila kusema lolote.

Sasa sikiliza. Sonona ikikushika, sema ungali na nguvu ya kusema, na nenda hospitali kama anavyokwenda mwenye malaria. Ikimshika umpendaye, usimfute kwa watu kwa sababu ya aibu, maana hakuna anayemsaidia mtu aliyeambiwa hayupo. Na wewe unayemuuguza, kula, imba, nenda kwa wenzako. Kicheko chako ni sehemu ya dawa yake. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, sembuse kuubeba moyo wa mtu mzima.

Mungu akuzungushie majirani wenye masikio na midomo yenye huruma. Akupe mwenzi wa kukutolea kiti juani. Na siku utakapolala gizani na mtu akupendaye akauliza uko wapi, akupe pumzi ya kumjibu, "Niko hapa."