Maji ya Mama Mchina

Sikiliza, ndugu yangu. Harufu ya mazutu, yale mafuta ya mashine, hunirudisha utotoni mjini Kasongo, Wachina walipokuwa wakitengeneza barabara kwa mashine zao. Mama mmoja wao alikuja sokoni kununua ndizi, nami nikavuta kope zangu kwa vidole ili macho yawe membamba kama yake.

"Mama Muchina, angalia, niko ndugu yako!"

Watoto wenzangu wakacheka sana. Yeye alidhani vumbi limeniingia machoni. Akapiga magoti, akaniosha macho taratibu kwa maji yake ya kunywa. Nilipomwona kwa karibu, kope yake moja ilikuwa na mkunjo, nyingine haikuwa nao. Ndivyo alivyozaliwa, na macho yote mawili yalinitazama kwa huruma.

"Aksanti, mama," nikasema, nikamwacha aondoke akiamini ni vumbi.

Mwanao akimcheka mtu hivyo, mshushe mikono, aombe msamaha kabla mtu huyo hajaondoka.