Kamati ya Kutia Sahihi

Usinikunjie pua, wewe unayesoma. Nilikuwa mle ndani mwenyewe. Tangu biashara iachiwe huru, mji wetu wa Sumbawanga una kamati ya wafanyabiashara, kazi yake kuishauri halmashauri. Mimi muuza maharage ni mjumbe.

Juzi, kabla hatujatulia vitini, ofisa akapitisha karatasi ya mahudhurio. Mwenzangu wa mtaa wa Chanji, muuza dagaa, alitia sahihi. Asubuhi ile alikuwa amepokea mzigo wake kutoka Kasanga, bandarini kule Ziwa Tanganyika.

"Mama, nasikia wanatuhamisha," akaninong'oneza. "Huko nje ya mji nani atanifuata? Dagaa wangu wataoza."

Karatasi iliponifikia nikaifunua. Chini yake ilibanwa barua iliyokwisha pigwa chapa: wauza dagaa watoke sokoni Jumatatu, kamati imeshauri na kuridhia.

"Mwanangu, tumeshauri saa ngapi?" nikamuuliza ofisa.

"Hayo ni mahudhurio tu, Bibi. Kushauri kunafuata."

"Kunafuata nini, na barua hii hapa?"

Ofisa akatazama dari. "Tia sahihi, Bibi. Bila wewe idadi haitimii, kikao hakipo."

Miaka yote nilidhani kamati inataka maneno yetu. Kumbe inataka majina tu, na langu bado nina kazi nalo.

Mwenzangu alikuwa amenikodolea macho, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nikaiweka kalamu mbele ya ofisa bila kutia sahihi, nikatoka, nikafunga mlango.